Saini ya Ng'ambo

Liuli,
4 Februari 1993

Mdogo wangu Restituta,

Marahaba, maana najua ungeanza na shikamoo. Baba yetu mzee Placidi kule Maguu ni mzima, ila kiuno kinamsumbua akipanda shambani. Watoto wazima. Salamu ziishie hapo, nina neno.

Shemeji yako Wendelin amechukuliwa. Ilikuwa tarehe 23 Januari, jua ndiyo kwanza linatoka. Walikuwa wanaume sita na mitumbwi mitatu, wanavua mbasa pale Mwalambwe alipovua baba yake na babu yake. Boti ya polisi wa ng'ambo ya ziwa ikaja ikawazunguka. Wakawabeba wao na nyavu zao, mitumbwi wakaiacha ielee. Miwili tumeiokota, wa tatu hatujauona. Unamkumbuka Azizi, mwenye duka la vitambaa Mbamba Bay? Siku hizi biashara zimefunguliwa, mashua yake ya injini huvuka kila Alhamisi na sabuni na vitenge. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba wako hai, wamefungiwa kituoni. Kosa lao eti ni kuvua katika maji ya nchi nyingine.

Sasa kijiji kizima kinanitazama mimi. Nikichota maji naulizwa, nikitoka kanisani naulizwa: "Mama Bernadi, si una mdogo wako ubalozini? Na ubalozi wenyewe si uko mji mkuu wa hao hao waliowachukua?" Najibu ndiyo. Katekista ametangaza kwamba tusihofu, binti yetu anakaa meza moja na wakubwa.

Niambie mimi dada yako. Jambo hili liko mikononi mwa nani? Wewe umo?

Vitalia


Ubalozini,
21 Februari 1993

Dada Vitalia, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama ukumbini. Nililia, halafu nikanawa uso na kurudi kazini, maana hapa mwanamke akionekana na macho mekundu watu hutazamana kama wanaosema, si tuliwaambia?

Jambo la wavuvi tunalo, na mimi nimo. Wiki iliyopita tulikaa nao, watu watano upande wao na watano upande wetu, katika hoteli moja yenye mapazia mazito ya kijani. Niliwaeleza kwamba watu wa ziwa ni ndugu, wanaoana na kuzikana. Walinyamaza. Kiongozi wao akanitazama sana, kisha akaandika kitu.

Mambo haya huenda polepole, dada, lakini yanaenda. Mwambie baba asiwe na shaka. Waambie wanawake wa Liuli watulie. Usifanye lolote mpaka nikuandikie tena.

Mdogo wako,
Restituta
Katibu wa Tatu


Kituoni, ng'ambo,
13 Machi 1993

Mdogo wangu,

Usishtuke kuona nilipo. Sijapigwa.

Tuliisubiri barua yako ya pili, haikuja. Wake za wavuvi wakasema, kama mdogo wako ameshazungumza nao na wakanyamaza, basi mlango uko wazi, twende tukausukume. Nikavuka na mashua ya Azizi, mimi na Lidia mke wa Joakim, tumebeba unga wa muhogo, dagaa usipa wakavu na mablanketi. Lidia wamemruhusu kurudi. Mimi nimebaki, na kosa ni la mdomo wangu.

Inspekta wao ni mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Anasema Kinyasa kama sisi. Akaniuliza, "Mama, umetumwa na nani?"

Nikamwambia, "Sijatumwa. Ila ujue mdogo wangu ni mkubwa ubalozini. Ndiye anayezungumza na wakubwa wako."

Akaweka kalamu chini. "Mdogo wako wa tumbo moja?"

"Wa tumbo moja."

"Anaitwa nani?"

Nikamtajia jina lako kwa kiburi kabisa, Restituta, kama mtu anayetoa hirizi. Akatoka akapiga simu. Aliporudi hakunitazama usoni. Akasema, "Mama, nimeambiwa ukae hapa kwanza."

Basi nimekaa. Chumba changu kimepakana na jiko la askari. Wanaume wako nyuma ya ukuta, watu sita chumba kimoja. Wendelin anakohoa. Nakijua kikohozi chake, na hiki si kile cha siku zote.

Jana wameletewa karatasi. Imeandikwa kwamba kila mmoja anakiri alikamatwa akivua ndani ya maji ya nchi hii. Atakayetia saini anarudi kwao siku hiyo hiyo, na mimi naachiwa pamoja nao. Joakim anataka kusaini. Wendelin anasema tukuulize wewe kwanza, kwa kuwa ndiwe unayeijua meza ilivyo.

Tufanye nini? Azizi atasubiri jibu.

Vitalia


Ubalozini,
24 Machi 1993

Kwa Bibi Vitalia,

Nakuandikia nikiwa ndugu yako na pia mtumishi wa umma. Serikali inafuatilia kwa karibu hali yako na ya wavuvi sita. Nakusihi uwaeleze wavuvi wote kwamba wasitie saini karatasi yoyote inayohusu mipaka ya maji. Kila mmoja aonyeshe subira na uzalendo. Juhudi za kidiplomasia zinaendelea vizuri.

Restituta
Katibu wa Tatu


24 Machi, siku ile ile

Dada,

Barua atakayokuletea dereva wa ubalozi ni mwandiko wangu, lakini maneno nimesomewa. Hii ya ndani ya jora la kitenge la Azizi ndiyo yangu. Ukimaliza kuisoma ichome.

Nilikudanganya. Sikuwahi kukaa kwenye meza ile. Mapazia ya kijani niliyaona kwa sababu nilikuwa chumba cha pili, nawakaribisha wake za wajumbe kwa chai. Nina miaka miwili hapa na kazi yangu ni hiyo: maua, kadi za mwaliko, kujua nani hali nyama gani. Maneno yale ya watu wa ziwa niliyaandika kwenye karatasi, nikampa Mheshimiwa Balozi mlangoni. Akasema, "Vizuri sana, dada Restituta," akaitia mfukoni. Sidhani kama aliitoa. Niliona haya kukuambia. Baba anajisifu kwa jina langu kila Jumapili, ningemwambia nini?

Uliponitaja kwa Inspekta, simu ilifika huku kabla ya barua yako. Balozi aliniita akafoka mbele ya watu: kumbe nina ndugu katika shauri hili na sikusema. Nikamjibu kwamba hakuna aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu shauri hili. Akanitoa nje. Baada ya saa mbili akaniita tena, safari hii kwa upole. Wajumbe wa upande wa pili wameuliza, mbona ofisa ambaye dada yake yuko kwao haonekani kikaoni? Kwa hiyo kikao kijacho nitaingia. Nimeambiwa nikae, niandike, nisiseme.

Kuhusu saini, sijui nikuambie nini. Mkisaini mtatoka, lakini huku watasema wavuvi wenyewe wamekiri, na kuanzia hapo mtumbwi wowote utakaotoka Liuli utakamatwa kwa ushahidi wa mikono yenu. Msiposaini mtabaki. Nimelitazama jambo hili kila upande na sijaona pa kupita.

Nisamehe.

Restituta


Kituoni, ng'ambo,
3 Aprili 1993

Restituta,

Barua zako zote mbili nimezisoma. Ile ya dereva nimefungia chumvi. Hii nyingine nimeichoma kama ulivyosema, lakini kwanza niliisoma mara tatu, na kila mara nilitamani uwe karibu nikuzabe kofi. Siyo kwa sababu ya chai. Mtu hachagui kazi anayopewa. Ni kwa sababu uliniacha nivuke ziwa nikiegemea fimbo ambayo haipo.

Sasa sikiliza. Hasira nimeiweka kando, itangoja.

Wanaume hawajasaini. Niliwaambia Mwalambwe ikishatolewa kwa saini, hata watoto wetu hawatavua. Joakim alinitukana, nikamwacha atukane. Halafu nikaanza kuzungumza na Inspekta, maana anapita hapa kila mchana kuchukua chakula. Siku ya kwanza nilimuuliza kwao ni wapi. Siku ya tatu akaniambia mama yake alizaliwa Lundu, upande wetu. Siku ya tano nikamuuliza, "Mwanangu, pale ulipowakamata panaitwaje?"

Akasema, "Mwalambwe."

"Nani aliyepaita hivyo?"

"Hakuna ajuaye. Wazee tu."

"Wazee wa wapi?"

Akacheka kidogo. "Mama, unanitega."

Nikamwambia, "Nimetegwa mimi, siyo wewe. Karatasi yako inataka mtu aseme maji ni ya nani. Mume wangu hajui maji ni ya nani, na wewe hujui. Lakini mahali mnapajua nyote wawili. Andika basi: tulikutwa Mwalambwe, mahali ambapo watu wa pande zote mbili huvua tangu zamani. Hapo kila mtu atatia saini, na hakuna atakayekuwa amesema uongo wala amempa mwenzake ziwa."

Aligeuza tonge moja mkononi mpaka ugali wake ukapoa. Akasema, "Mimi ningeipokea. Lakini karatasi hii imetoka juu. Huko juu sina mtu."

Nikamwambia, mimi ninaye.

Kwa hiyo ingia kwenye kikao hicho, Restituta. Uliniambia uongo kwamba ulisema mezani. Nenda ukaufanye kuwa kweli. Na fanya haraka, Wendelin halali kwa kifua, na tangu juzi chakula anakisogeza tu.

Vitalia


Ubalozini,
17 Aprili 1993

Dada, shikamoo.

Imekubaliwa.

Kikao kilikuwa jana. Nilikaa mwisho wa meza na daftari langu, wanaume tisa na mimi. Asubuhi yote walibishana kuhusu ramani ya Mjerumani na ramani ya Mwingereza. Hakuna aliyetaja jina la mtu yeyote aliyefungwa. Walipokuwa wanataka kuahirisha nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kusoma sentensi moja."

Balozi akaweka kiganja juu ya karatasi yangu. Alitabasamu tu. Lakini sentensi yako nilikuwa nimeikariri njia nzima, nikaisema nikimtazama kiongozi wao. Mmoja wao akacheka, "Hiyo ni hadithi ya wavuvi." Kiongozi wao hakucheka. Akasema, "Irudie." Nikairudia. Akaomba iandikwe.

Tuliporudi kutoka chakula cha mchana, Balozi ndiye aliyeisoma kama pendekezo lake. Alibadili neno moja, "huvua" akaweka "wamekuwa wakiendesha shughuli za uvuvi". Wakapeana mikono. Kumbukumbu nimeziandika mimi mwenyewe, na zinasema "upande wetu ulipendekeza". Sijali. Mtatoka. Imebaki karatasi kusainiwa na kutumwa kwa Inspekta, jambo la siku chache tu.

Mwambie Wendelin avumilie.

Restituta


Liuli,
9 Mei 1993

Restituta,

Tumerudi tarehe 6, watu sita. Wanaume watano na mimi.

Wendelin alifariki tarehe 29 Aprili, saa nne asubuhi. Inspekta alikuwa ametafuta gari la kumpeleka hospitali, lakini mtu aliye kizuizini hatoki bila kibali, na kibali hakikuja. Aliniruhusu niingie chumba cha wanaume, nikamshika kichwa. Aliuliza kama karatasi imefika. Nikamwambia imefika. Huo ndio uongo wangu.

Tumemzika huko huko, kwenye makaburi ya kanisa lao. Inspekta alichimba pamoja na akina Joakim, amevua koti la kazi. Nimeomba kumleta nyumbani, nikaambiwa maiti haivuki mpaka serikali mbili ziandikiane.

Nina swali moja. Uliandika tarehe 17 kwamba ni jambo la siku chache tu. Karatasi imefika kituoni tarehe 5 Mei. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalenda ya misheni. Hizo siku zote ilikuwa wapi?

Vitalia


Ubalozini,
30 Mei 1993

Dada yangu,

Nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana. Nitakujibu ulichouliza.

Karatasi ilikuwa juu ya meza ya Balozi, ndani ya jalada jekundu, siku kumi na nane. Nililiona kila asubuhi nilipompelekea magazeti. Ilikuwa imekamilika. Alikuwa anamngoja mgeni mkubwa kutoka nyumbani ili isainiwe mbele ya wapiga picha. Mgeni aliahirisha safari mara mbili. Sherehe ikafanyika tarehe 4 Mei. Mimi ndiye niliyechagua kitambaa cha meza.

Dada, ulikuwa umeniandikia kwamba anakohoa na hali chakula. Nilijiambia kukohoa siyo kufa. Siku moja nilisimama mbele ya jalada lile, Balozi akauliza, "Kuna jambo?" Nikasema hapana. Nilikuwa nimesema mara moja kikaoni, na wiki ile walikuwa wameanza kunisalimu kwa cheo changu. Niliogopa nikisema mara ya pili watanitoa. Hiyo ndiyo bei ya kile kiti, na aliyeilipa ni Wendelin.

Sasa nimechaguliwa kuhutubia mkutano wa wanawake wa kanda, kueleza jinsi mwanamke alivyoshiriki kuleta suluhu ya ziwa. Hotuba nimeandikiwa tayari. Jina lako halimo, la Wendelin halimo. Hakuna mahali inaposema kwamba mtu alikufa.

Usinijibu kama huwezi.

Restituta


Liuli,
20 Juni 1993

Restituta,

Naweza kukujibu.

Mama mkwe wangu, Bibi Kunigunda, anaamini mwanawe alikufa kwa sababu watu wa ng'ambo walikataa kumwachia. Kila mgeni anamwambia hivyo, na kila siku anamlaani yule Inspekta, ambaye alichimba kaburi. Mimi najua habari ya meza na kitambaa, na sitamwambia. Sina kinywa cha kubeba maneno yako.

Njoo umwambie wewe. Usitume barua.

Vitalia


Dar es Salaam,
2 Septemba 1993

Dada Vitalia, shikamoo.

Hotuba sikuisoma. Niliandika dokezo, nikalitia ndani ya jalada lile lile jekundu. Nimeeleza sentensi ilitoka kwa nani na alikuwa wapi alipoitunga. Nimeandika tarehe zote, na tarehe ya kifo cha Wendelin nimeiweka katikati ya tarehe hizo. Balozi aliniambia niliondoe. Nikamwambia aliondoe yeye na aweke saini kwamba ameliondoa. Hakuliondoa. Wiki tatu baadaye nilirudishwa nyumbani.

Sasa niko masjala, chumba cha chini kisicho na dirisha, napokea majalada na kuyapanga. Wenzangu wananisikitikia. Aliyechukua nafasi yangu ni kijana mmoja mwanamume, na nasikia hapeleki chai.

Nimepewa likizo ya siku kumi na nne mwezi Oktoba. Nitapanda basi hadi Songea, kisha Mbinga, nishuke ziwani. Maguu kwa baba nitapita nikitoka kwenu. Sitaki kufika kwa Bibi Kunigunda nikiwa nimeshabembelezwa.

Restituta


Liuli,
14 Novemba 1993

Mdogo wangu,

Umefika salama Dar, nimepata salamu zako. Nilikuacha uondoke bila kukuambia neno, kwa sababu mwenye kusema alikuwa hajasema.

Uliyaona mwenyewe. Ulipiga magoti pale jikoni, ukamweleza Bibi Kunigunda yote, jalada, sherehe, na hata kwamba ulisema hapana ulipoulizwa kama kuna jambo. Yeye akaendelea kuchambua maharage kama hakusikia. Hakukupa mkono ulipoaga. Nilidhani hatakutaja tena maishani.

Siku mbili hakula nami. Siku ya tatu alinifuata ufukweni nikianika usipa, akasimama mbali kidogo. Akauliza, "Yule Inspekta, mama yake bado yuko hai?"

Nikasema yuko.

Akasema, "Azizi akivuka, ampelekee unga wangu." Halafu akakaa juu ya mchanga, akauliza, "Na yule binti, wamemfukuza kazi?"

Nikamwambia, "Hawajamfukuza, mama. Wamemweka chumba cha makaratasi. Anasema anafikiria kuiacha, arudi Maguu kulima kahawa na baba yake."

Nilimaliza kuanika chanja moja. Kisha akasema maneno haya, nakuandikia kama alivyoyasema: "Mwambie asithubutu. Akalime kahawa, halafu nani atakuwa huko? Karatasi zitaendelea kukaa mezani. Na akae humo humo, hata kama hawamtaki, hata kama hakuna dirisha. Mtu mmoja katika nyumba ile awe anajua Wendelin alikuwa nani."

Sikumwambia kwamba hicho alichokupa ni kifungo. Nadhani anajua.

Vitalia